Steve Jobs miaka minane, mjomba wangu miezi minne, wote "kongosho". Tofauti ni nini hasa?

#1 Mwana Kilosa
Wakuu, salaam. Jambo hili ninalo moyoni tangu arobaini ya mjomba wangu. Naomba wenye uelewa mnisaidie.

Mjomba alikuwa fundi seremala, miaka 58, hajawahi kulazwa. Mwaka jana mwezi wa tatu akaanza kulalamika mgongo. Siyo ule mgongo wa kuinamia randa, huo alikuwa anaujua. Huu ulianzia chembe ya moyo ukapenya hadi nyuma, na usiku ndiyo unazidi. Alikuwa analala amekaa, ameinamia mto aliouweka mapajani. Zahanati wakampa dawa za vidonda vya tumbo, akamaliza dozi mbili. Suruali zikaanza kumpwaya. Mkanda akautoboa tundu jipya kwa msumari, baada ya wiki chache akatoboa la pili. Mwezi wa nane sukari ikapimwa ikakutwa 17, na ukoo wetu mzima hakuna mwenye kisukari. Tulipofika hospitali kubwa na kupigwa CT, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, ndipo tukaambiwa: uvimbe kwenye kongosho, umeshafika kwenye ini. Tangu siku ile mpaka tunamzika ni miezi minne kasoro siku chache.

Sasa juzi nasoma habari za Steve Jobs wa Apple. Naye kongosho. Aligunduliwa Oktoba 2003, akafariki Oktoba 2011. Miaka minane, na ndani yake akaizindua iPhone! Ni pesa tu, au kuna kitu sisi hatukuambiwa?

#2 Kipanga wa Mbezi
Pole sana mkuu, Mungu amrehemu mjomba. Jibu langu ni fupi: pesa. Yule bwana alinunua mpaka ini jipya. Sisi CT yenyewe ni mchango wa ukoo.

#3 Binti Chumbageni
Pole, Mwana Kilosa. Naweka kambi hapa. Kwetu kuna kisa cha kongosho kilichochukua miaka mitatu kugundulika. Nikishalaza watoto nitakieleza.

#4 Nesi wa Ughaibuni
Pole sana. Nafanya kazi wodi ya upasuaji Toronto na wagonjwa wa kongosho nawahudumia kila wiki, niseme ninalolijua.

Kipanga, ini halikununuliwa. Marekani kiungo hakiuzwi, mtu anaingia kwenye orodha. Alichokuwa nacho Jobs ni uwezo wa kujiandikisha jimbo lenye foleni fupi na kufika kwa wakati akiitwa. Alipandikizwa Memphis mwaka 2009. Hapo pesa ilisaidia, sikatai.

Ila tofauti kubwa iko kabla ya hapo. Kongosho ni viwanda viwili kwenye kiungo kimoja. Sehemu kubwa inatengeneza maji ya kusaga chakula, yenye vimeng'enya, yanayopita kwenye mrija kwenda utumbo mwembamba. Katikati yake kuna visiwa vidogo vya seli za homoni. Aliyevieleza kwanza ni Paul Langerhans, alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin, mwaka 1869. Humo ndimo inamotoka insulini.

Kansa ikianzia kwenye mirija ya kiwanda cha kwanza, hiyo ndiyo watu wanayoikusudia wakisema "kansa ya kongosho". Takriban 9 kati ya 10 ni hiyo, na ni kali. Uvimbe ukianzia kwenye seli za homoni ni jamii nyingine kabisa, mara nyingi unakwenda polepole. Jobs alikuwa na huu wa pili. Kuwaweka pamoja ni sawa na kusema watu wawili wameumwa na nyoka, kumbe mmoja kaumwa na kifutu na mwenzake na nyoka wa majani.

Swali langu kwako mleta uzi: mjomba alichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kikapimwe?

#5 Mzee wa Vingunguti
Mimi ni mchinjaji, mwaka wa 22 huu. Ngoja niwaeleze kongosho lilivyo, maana wengi mnalitaja hamjaliona.

Ukimfungua mbuzi hulioni mpaka utumbo uuweke pembeni. Limelala nyuma huko, jembamba, rangi ya waridi iliyopauka, lina vinundunundu kama punje za mtama zilizogandana. Upande mmoja limeshikamana na utumbo, upande wa pili linakwenda kugusa wengu. Vijana wengi wanalitupa wakidhani ni mafuta. Ini ukilishika linatulia mkononi, hili ukilibonyeza linaachia. Nikisoma hapa naelewa kwa nini madaktari wanapata taabu nalo. Kila kitu kimekaa mbele yake.

#6 Chuga Boy
Kwani kongosho siyo ndiyo bandama?

#7 Mzee wa Vingunguti
Hapana kijana. Bandama ndiyo huo wengu, bapa, rangi ya damu ya mzee. Kongosho ni jirani yake. Njoo machinjioni alfajiri nikuonyeshe, ila usije umevaa raba nyeupe.

#8 Chuga Boy
Nakuja na gambuti mzee wangu. Asante.

#9 Kipanga wa Mbezi
Nesi, nimekusoma na nimekwenda kutafuta zaidi. Nimeona mwimbaji Aretha Franklin naye alikuwa na hiyo ya seli za homoni, alifanyiwa upasuaji mwishoni mwa 2010 akafariki Agosti 2018. Halafu mwimbaji wa opera Luciano Pavarotti, upasuaji Julai 2006, Septemba 2007 hayupo. Mwigizaji Patrick Swayze aligunduliwa mwanzoni mwa 2008, Septemba 2009 akafariki. Hawa wote pesa walikuwa nayo. Kwa hiyo hoja yangu ya #2 naipunguza makali, sijaifuta.

Na kuna jambo jingine. Jobs alikaa miezi tisa anajaribu mlo wa mboga na tiba mbadala kabla ya kukubali kisu Julai 2004. Labda asingechelewa angekuwepo hadi leo.

#10 Karani Mstaafu
Mimi nasimama kwenye kuwahi. Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliondolewa uvimbe wa kongosho mwaka 2009. Uligundulika kwenye picha za ukaguzi wa kila mwaka, ungali mdogo. Akakaa kwenye kiti chake mpaka Septemba 2020. Miaka 11. Aina peke yake haitoshi kueleza.

#11 Nesi wa Ughaibuni
Karani yuko sahihi, na hapo ndipo penye uchungu. Kwa ile kansa ya kawaida, wanaokutwa uvimbe ungali unaondoleka kwa upasuaji ni kama asilimia 15 hadi 20 tu.

Mahali ulipoota pia panasema mengi. Kongosho lina kichwa, shingo, mwili na mkia. Kichwa kimekumbatiwa na utumbo mwembamba, na mrija wa nyongo unapita humo humo. Uvimbe wa kichwani hata ukiwa mdogo unaubana ule mrija, mtu anageuka manjano, anakimbizwa hospitali. Uvimbe wa mwilini au mkiani hauna cha kubana. Unakua kimyakimya hadi ufike kwenye mishipa ya fahamu iliyo nyuma yake, na hapo ndipo maumivu yanayopenya mgongoni na kumfanya mtu ainame mbele. Mwana Kilosa, ulivyoeleza mjomba anavyolala ameukumbatia mto, nimewaona wengi wamekaa hivyohivyo.

Na ile sukari ya ghafla kwa mtu aliyevuka 50, huku anapungua uzito badala ya kunenepa, ni ya kutazamwa. Walio wengi ni kisukari tu, kwenye mia ni kama mmoja anayekuja kukutwa na kansa hii ndani ya miaka mitatu. Lakini sukari mpya pamoja na mkanda kutobolewa mara mbili, hapo CT isisubiri.

#12 Binti Chumbageni
Watoto wamelala. Kisa cha kwetu.

Dada yangu, wakati huo miaka 31, muuza vitambaa sokoni. Alianza kwa kuamka haeleweki. Saa kumi na moja alfajiri unamkuta amekaa kitandani, jasho linamtiririka mpaka shuka limelowa, anakutazama lakini hakuoni, anaongea maneno yasiyoungana. Siku nyingine anaanguka na kutikisika. Akinyweshwa chai ya sukari nyingi anazinduka, anauliza kumetokea nini. Kwetu Tanga mnajua lililofuata: jini wa alfajiri. Tukachinja, tukafukiza, tukafunga hirizi. Baadaye hospitali wakamwandikia dawa za kifafa, akazinywa mwaka mzima na kuanguka hakuacha. Yeye mwenyewe aligundua akila usiku wa manane anaamka salama, akawa anaweka ndizi mbivu na maandazi chini ya kitanda. Akanenepa kilo 20. Watu wakasema jini wake mlafi.

Mwaka wa tatu alianguka msibani kijijini. Kituo cha afya kulikuwa na kijana mmoja tabibu, siku zake za kwanza kazini. Kabla ya kumchoma chochote akamtoboa kidole. Sukari 1.8. Akamwekea dripu ya sukari, dada akafumbua macho sindano ikiwa bado mkononi mwa yule kijana. Akatuambia, "Huyu siyo kifafa. Kuna kitu mwilini kinatoa insulini muda wote." Akatuandikia barua.

Kwenye CT kulikuwa na kinundu cha sentimita moja na nusu kwenye mwili wa kongosho. Kimetolewa. Ni mwaka wa sita huu, dawa ya kifafa hanywi, na Ramadhani anafunga yote. Kwa hiyo mimi nikisikia "uvimbe wa kongosho ni kifo" nafumba macho nakumbuka maandazi chini ya kitanda.

#13 Daktari wa Zamu
Binti Chumbageni, huyo tabibu apewe heshima yake. Huo uvimbe unaitwa insulinoma, na 9 kati ya 10 si kansa. Alichofanya yule kijana ni kanuni ya mambo matatu: dalili za sukari kushuka, kipimo kuthibitisha imeshuka, na dalili kuondoka ukimpa sukari. Ni kanuni ya Allen Whipple, daktari wa upasuaji wa New York, miaka ya 1930.

Upasuaji mkubwa wa kichwa cha kongosho nao unaitwa kwa jina lake huyo huyo. Aliuchapisha mwaka 1935, ingawa Walther Kausch wa Berlin alishaufanya tangu 1909. Inaondolewa pale kichwa cha kongosho, mkunjo wa kwanza wa utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo na kipande cha mrija wake, wakati mwingine na sehemu ya tumbo. Halafu vinavyobaki vinaungwa upya sehemu tatu. Kiungo kinachotisha ni kile cha kongosho na utumbo, kwa sababu hiyohiyo aliyoisema Mzee wa Vingunguti: nyama inaachia. Uzi wa kushonea unakata kama unashona siagi. Kikivuja, maji ya kusaga chakula yanaanza kumsaga mwenye nayo.

Kwenye hospitali zinazofanya upasuaji huu kila wiki, wanaofariki kutokana nao ni chini ya 5 kwa 100. Zinazofanya mara moja moja idadi inapanda mara kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa wako akiambiwa anafaa kisu, uliza bila aibu: daktari huyu anafanya mara ngapi kwa mwaka?

#14 Bonde la Ufa
Poleni ndugu zetu wa huko. Huku Nakuru tunaona chanzo ni pombe. Kaka yangu alikunywa chang'aa tangu kidato cha tatu. Kongosho likajaa mawe, kwenye picha yanang'aa kama changarawe. Akila nyama ya mafuta, choo kinaelea na kinanuka nyumba nzima. Sasa anakula vidonge vya vimeng'enya pamoja na chakula, tonge la kwanza kidonge, katikati kidonge. Amerudisha uzito. Acheni pombe, mengine ni hadithi.

#15 Fundi Solar
Mjomba wa mleta uzi alikuwa anakunywa? Maana mimi nimesikia ni muhogo. Ule mchungu.

#16 Mwana Kilosa
Hakunywa pombe maisha yake yote, mlokole. Muhogo alikula kama sisi wote. Sigara alivuta ujanani, akaacha alipooa.

#17 Daktari wa Zamu
Tusichanganye mambo. Pombe inaleta uvimbe-moto sugu wa kongosho, na huo ukikaa miaka mingi unaongeza uwezekano wa kansa. Kaka wa Bonde la Ufa hana kansa, na wengi wa aina yake hawapati. Ya muhogo ilitokana na ugonjwa wa mawe ya kongosho kwa vijana wasiokunywa pombe. Ulielezwa Indonesia mwaka 1959, ukaonekana sana Kerala, kusini mwa India, ambako muhogo ni chakula cha kila siku. Wakaushuku. Lakini kuna sehemu zinazokula muhogo sana na ugonjwa huo haupo, na sehemu upo bila muhogo. Dhana hiyo haijasimama. Sigara imesimama: mvutaji ana uwezekano kama mara mbili ya asiyevuta.

#18 Fundi Solar
Sawa daktari. Muhogo tumeuachia huru.

#19 Karani Mstaafu
Na damu ya ukoo mnaisahau. Jimmy Carter aliyekuwa Rais wa Marekani, baba yake alikufa kwa kansa ya kongosho, mdogo wake wa kiume na dada zake wawili vilevile. Watoto wanne, watatu wameondoka nayo. Yeye peke yake akafika miaka 100. Inasemwa yeye hakuvuta sigara na wenzake walivuta. Mtu mmoja kwenye nyumba moja, chagueni wenyewe ni damu au ni moshi.

#20 Nesi wa Ughaibuni
Huenda vyote viwili. Familia kama hiyo hapa huwa wanapimwa vinasaba, na vile vya BRCA vinavyojulikana kwa kansa ya matiti vimo. Aliye na BRCA kuna dawa zinazomfaa zaidi, kwa hiyo siyo kipimo cha kujitisha tu.

#21 Mtoro wa Mutrah
Assalaam aleikum. Nawasoma kutoka Muscat. Mpwa wangu, binti wa miaka 19, tumbo lilimvimba upande wa kushoto, tukadhani mengine, Mungu atusamehe. Kwenye picha uvimbe wa sentimita 11 kwenye mkia wa kongosho, nusu nyama nusu maji. Daktari wa kwanza akasema kansa, mama mtu akazimia palepale. Daktari wa pili akatazama umri na jinsia, akasema uvimbe wa namna hii kwa wasichana anaujua, ukikatwa wote kwa kawaida ndiyo basi. Ukakatwa na wengu pamoja. Mwaka wa saba huu, ameolewa, ana mtoto mmoja. Je, huu nao ni aina ya ngapi?

#22 Daktari wa Zamu
Wa tatu katika uzi huu, na zipo zaidi. Aliyeueleza kwanza ni Virginia Frantz, mwaka 1959, naye alikuwa mfanyakazi mwenza wa Whipple. Wasichana ndio unaowapata zaidi, na zaidi ya 9 kati ya 10 wanapona. Vipo pia vifuko vya maji, vingine havina neno, vingine vinageuka kansa taratibu na vinatakiwa kufuatiliwa kwa picha. Picha inaonyesha umbo. Aina inatajwa na hadubini.

#23 Kipanga wa Mbezi
Daktari, kuna maabara moja imebandika tangazo, kifurushi cha "kipimo cha kansa ya kongosho" kwa damu, CA 19-9. Nikapime? Baba yangu mdogo alipima akakuta 60, kawaida ni chini ya 37. Hajalala wiki sasa.

#24 Daktari wa Zamu
Ukiwa mzima usikipime. Kinapanda hata kwa jiwe la nyongo na mrija ukiziba kwa sababu yoyote. Halafu kuna watu ambao miili yao haitengenezi kabisa kitu kinachopimwa hapo, kutokana na aina yao ya damu iitwayo Lewis, na wenye asili ya Afrika ni wengi zaidi kati yao. Mtu huyo anaweza kuwa na kansa na kipimo kikasoma karibu na sifuri. Kazi yake ni kumfuatilia ambaye kansa imeshathibitishwa, kama dawa inafanya kazi. Baba mdogo afanye altrasaundi ya nyongo kwanza, na alale.

#25 Mama Nasra
Samahanini naingilia. Mama yangu yupo Lindi, miaka 64. Macho yamekuwa manjano. Wiki ya tatu anajikuna, alianzia viganja na nyayo, usiku anajikuna kwa gunzi la muhindi. Mkojo kama chai ya rangi, choo kimekuwa cheupe kama udongo wa kuchorea nyumba. Maumivu hana hata kidogo. Anatumia dawa ya mizizi, ameambiwa ni homa ya manjano.

#26 Chuga Boy
Homa ya manjano si ndiyo ile ya mbu, ya chanjo kwenye kadi ya njano ya kusafiria?

#27 Nesi wa Ughaibuni
Ndiyo, Chuga Boy, na hii siyo hiyo. Mama Nasra, mizizi isimame leo. Macho manjano, kuwashwa, choo cheupe na mkojo mweusi pamoja maana yake nyongo haishuki, mrija umeziba. Linaweza kuwa jiwe, unaweza kuwa uvimbe. Daktari wa upasuaji wa Basel, Ludwig Courvoisier, aliandika tangu 1890 kwamba manjano yasiyouma pamoja na mfuko wa nyongo unaopapaswa kwa mkono, mara nyingi siyo mawe.

Mtoe aende hospitali ya rufaa. Waombe altrasaundi, kazi ya ini, na wapime damu inavyoganda, kwa sababu nyongo ikiziba vitamini K haiingii na mtu anatoka damu kirahisi. Akianza homa na kutetemeka, ni usiku huohuo, msisubiri asubuhi. Mrija unaweza kuzibuliwa kwa kamera ya mdomoni na kuwekewa stenti, kijibomba cha kuuacha wazi, kuwashwa kunapungua ndani ya siku chache. Na akiwa na uvimbe, huyu wa kichwani ndiye mwenye nafasi ya kuwahi.

#28 Mama Nasra
Asanteni. Ndugu yangu anamtoa kesho na basi la alfajiri.

#29 Mwana Kilosa
Nesi aliniuliza #4 kuhusu kinyama, sikujibu kwa sababu nilikuwa sijui. Leo nimekwenda kwa mke wa mjomba, akanitolea ile bahasha kubwa ya CT kutoka chini ya godoro. Nimeisoma ripoti mara nne. Uvimbe wa mwili na mkia wa kongosho, sentimita 5.1 kwa 4.3, umeuzunguka mshipa mkubwa wa damu. Madoa mengi kwenye ini, kubwa lao sentimita 2.2. Na mstari wa mwisho kabisa: kichukuliwe kinyama cha ini kuthibitisha aina.

Hakikuchukuliwa. Na siyo hospitali iliyokataa. Ni sisi. Kikao cha ukoo, tuliketi chini ya mwembe pale nyumbani, wazee wakasema kansa ikiguswa na chuma inasambaa. Mimi nilikuwepo. Nilinyamaza.

#30 Nesi wa Ughaibuni
Mwana Kilosa, hilo la chuma nalisikia hata huku kwa watu wa mataifa mengine, siyo Kilosa tu. Sindano kusambaza kansa ni nadra sana. Uvimbe wa mjomba ulikuwa umeshasambaa kabla ya sindano yoyote. Niongeze pia, uvimbe ambao unaondoleka kwa upasuaji madaktari wengi wanakwenda moja kwa moja kwenye kisu bila kinyama. Kinyama kinakuwa lazima pale unapotaka kuanza kemo, zile dawa kali za kuua kansa, kama ingekuwa kwa mjomba.

#31 Daktari wa Zamu
Na mimi niseme kama ninavyomwambia ndugu wa mgonjwa ana kwa ana. Kwa mwendo ule, sukari ile, uzito ule, uwezekano mkubwa ilikuwa ile ya kawaida. Ikiwa ni hiyo na iko kwenye ini, mchanganyiko wa dawa nne uitwao FOLFIRINOX ulipojaribiwa Ufaransa, matokeo yakatoka 2011, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 11, dhidi ya miezi 7 hivi kwa dawa moja ya jemsitabini. Na hao walichaguliwa wenye nguvu. Walioondolewa uvimbe kwanza halafu wakapewa dawa hizo, majibu ya 2018 ni nusu yao kuvuka miezi 54. Kwa mjomba tungekuwa tunazungumzia miezi.

#32 Kipanga wa Mbezi
Lakini daktari, "uwezekano mkubwa" siyo hakika. Ingeweza kuwa ya homoni iliyosambaa. Aretha aliishi miaka karibu minane.

#33 Daktari wa Zamu
Ingeweza. Limfoma, kansa ya seli za kinga, pia inaweza kujificha pale na inatibika kwa kemo. Hata kifua kikuu kinaweza kufanya donge kwenye kongosho likaonekana kansa tupu. Siwezi kuifuta hata moja nikiwa na picha tu.

#34 Karani Mstaafu
Mimi bado nasema ni zile dozi mbili za vidonda vya tumbo. Miezi mitano imeliwa pale.

#35 Nesi wa Ughaibuni
Karani, kwa uvimbe wa mkiani siamini miezi mitano ingebadilisha sana. Maumivu ya mgongo yakishaanza, mara nyingi umeshashika mishipa. Hapa tunatofautiana.

#36 Mganda wa Kireka
Poleni. Nauliza la tofauti: maumivu yake mliyafanyaje? Huku Kampala kuna morfini ya maji. Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilianza kuitengeneza ya kunywa kwa kikombe, bei ndogo, na tangu 2004 wauguzi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika. Mama yangu mkubwa alikuwa na ugonjwa huu. Aliimba kwaya Jumapili mbili kabla ya kuondoka.

#37 Mwana Kilosa
Ndugu yangu wa Kireka, miezi mitatu alikuwa kwa panadoli na diklofenaki. Wiki tatu za mwisho ndipo mtu wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, akatuletea hiyo morfini ya maji, kwenye chupa ya plastiki, na bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia. Siku ya pili mjomba alilala chali. Mke wake alikuja kutuamsha saa nane usiku tuje tumwone, alidhani ameshakufa. Alikuwa anakoroma. Asubuhi akaomba randa lake aletewe, akalishika tu.

#38 Mzee wa Vingunguti
Mwana Kilosa, nimeisoma #29 na hii. Ulinyamaza mbele ya wazee kama tulivyofundishwa. Pole mwanangu.

#39 Mama Nasra
Jamani, mrejesho. Mama amefika, tumetoka altrasaundi sasa hivi. Mrija wa nyongo umetanuka, milimita 16. Mfuko wa nyongo umejaa, mawe hakuna. Ini halina madoa. Kwenye kongosho wameandika "halikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi". Tumepangiwa CT Alhamisi saa tatu asubuhi, na nimeuliza lile swali la mara ngapi kwa mwaka, daktari wala hakukasirika, ameniambia kuna mwenzake Dar anayeufanya sana na atampigia. Mama ameomba uji wa ulezi, nakwenda kumtafutia.